Theluji Nzito ya Mwezi wa Machi

Wengi wetu tunaokaa katika nchi za joto twaijua theluji kwa kuitazama kutoka mbali tu. Mtu asimamaye Moshi asubuhi, mawingu yakiwa yameondoka, huona weupe juu ya Kilimanjaro, mlima wenye urefu wa mita 5,895. Weupe ule ni mzuri machoni, wala haumsumbui mtu, kwa maana hakuna aliyejenga nyumba yake kule juu. Lakini ziko nchi ambazo theluji haingoji kufuatwa mlimani. Hushuka yenyewe usiku, watu wakiwa wamelala, ikafunika mashamba na mapaa na barabara. Asubuhi mwenye nyumba afunguapo mlango huikuta imekaa kizingitini kama mgeni asiyealikwa. Katika somo hili tutajifunza jinsi watu wa nchi hizo waiondoavyo theluji katika njia zao, na kwa nini ile ianguk­ayo mwisho wa majira ya baridi ni ya kuogopwa kuliko zote.

Na tuutazame mji wa Boston, ulio kaskazini mashariki ya Marekani, kando ya bahari ya Atlantiki. Huko majira ya baridi huanza mwezi wa Desemba, na huelekea kwisha mwezi wa Machi. Ufikapo mwezi wa Machi jua hukawia zaidi angani, siku huwa ndefu, na watu huanza kuambiana kwamba baridi imekwisha. Walakini mara nyingi hudanganyika. Tarehe 31 Machi na 1 Aprili mwaka 1997, wakati watu walipokuwa wakitazamia majani mapya na maua, mji wa Boston ulipata theluji yenye kina cha karibu sentimita 65. Pimeni kwa rula ukutani, nanyi mtaona kwamba kina hicho chapita goti la mtu mzima.

Nyumba nyingi za pande hizo zina njia ya gari, itokayo barabarani hadi mlangoni au hadi banda la gari. Magari makubwa ya mji husafisha barabara ya watu wote, bali njia iliyo ndani ya ua ni juu ya mwenye nyumba mwenyewe. Zaidi ya hayo, sheria ya Boston humtaka mwenye nyumba aondoe theluji katika njia ya waendao kwa miguu iliyo mbele ya nyumba yake, katika muda wa saa 3 baada ya theluji kukoma. Na ikiwa imekoma usiku, katika muda wa saa 3 baada ya jua kuchomoza. Kwa hiyo mtu hana nafasi ya kukaa kitako akisema, "Nitaifanya kesho."

Sasa tuulize: kwa nini theluji moja ni nyepesi na nyingine ni nzito? Theluji hufanyika juu mawinguni, mvuke wa maji ugandapo kwa baridi na kuwa vipande vidogo vyembamba, ambavyo vingi vina pembe sita kama nyota. Mwezi wa Januari, baridi ikiwa kali sana, vipande hivyo hufika chini vikiwa vikavu. Havishikamani. Hulala vikiwa na hewa nyingi kati yake, kama sufi ndani ya mto. Theluji ya namna hiyo yaweza kufagiliwa kwa ufagio, na mtoto akijaribu kuifinyanga iwe tufe humponyoka mkononi kama unga.

Mwezi wa Machi mambo ni mengine. Hewa iliyo karibu na ardhi hukaribia digrii 0, yaani kipimo ambacho maji huganda na barafu huyeyuka. Vipande vinapoanguka, kingo zake huyeyuka kidogo, vikagusana, vikagandamana, vikashuka kwa mafungu makubwa. Vikisha kulala chini, maji hushika nafasi zilizokuwa za hewa. Kwa macho tu theluji hizi mbili zafanana, maana zote mbili ni nyeupe na zote mbili hufunika nchi. Lakini ya kwanza ni kama sufi kavu, na ya pili ni kama blanketi lililoloweshwa mtoni.

Tufanye hesabu, ili tusiseme "nzito" kwa mdomo tu. Mara nyingi theluji kavu yenye kina cha sentimita 15 ikiyeyushwa hutoa maji yenye kina cha sentimita 1. Theluji ya majimaji hutoa maji yayo hayo kwa kina cha sentimita 5 tu. Basi tuchukue njia ya gari yenye urefu wa mita 15 na upana wa mita 3. Eneo lake ni mita za mraba 45. Tuseme theluji ya majimaji imelala juu yake kwa kina cha sentimita 20. Maji yaliyomo ni ya kina cha sentimita 4, na maji ya kina hicho juu ya kila mita moja ya mraba yana uzito wa kilo 40. Zidisha 40 kwa 45, upate kilo 1,800. Gunia la mahindi lina kilo 90. Kwa hiyo mwenye nyumba huyu ana magunia 20 ya kuhamisha kabla hajaenda kazini, wala hatakula hata punje moja! Kama ingalikuwa theluji kavu yenye kina kile kile, uzito wake ungalikuwa kilo 600, yaani magunia yasiyotimia 7.

Sasa tutoe mfano. Tuseme kwamba katika kitongoji kimoja karibu na Boston yuko baba mmoja wa miaka 50, na mwanawe wa miaka 12. Huu ni mfano tu, si habari za mtu fulani. Lakini mambo yaliyomo hutokea huko kila mwaka. Asubuhi ya mwezi wa Machi walifungua mlango wakaona njia yao imefunikwa kwa kina cha sentimita 20.

Mtoto akasema, "Baba, jua la Machi lina nguvu. Mbona tusiiache iyeyuke yenyewe?"

Baba akajibu, "Mwanangu, ni kweli jua litaiyeyusha, lakini halitaimaliza leo. Jioni jua litakapokuchwa, baridi itarudi, na maji yaliyoyeyuka mchana yataganda usiku. Kila alama ya mguu wetu na kila mfuo wa gurudumu utakuwa barafu ngumu kama jiwe. Theluji ya leo huondolewa kwa beleshi. Barafu ya kesho huvunjwa kwa sururu. Afadhali tuanze sasa."

Kwanza walijitayarisha. Walivaa nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, badala ya koti moja zito, ili wakianza kutoka jasho waweze kupunguza moja. Kwa kuwa nguo iliyolowa jasho huleta baridi mwilini. Walivaa viatu virefu vyenye soli zisizoteleza, na glavu mikononi. Kisha baba akachukua kipande cha mshumaa akausugua uso wa beleshi kwa nta. Mtoto alipouliza sababu, aliambiwa kwamba theluji ya majimaji hunata juu ya beleshi kama udongo wa mfinyanzi unatavyo juu ya jembe, na mtu huinua mara ya pili mzigo aliodhani amekwisha kuutupa. Nta huifanya iteleze na kuanguka.

Kabla ya kugusa njia, baba alikwenda nyuma ya gari akafukua theluji iliyoziba bomba la moshi, akaondoa na ile iliyoziba tundu la ukutani litoalo moshi wa mashine ya kupasha nyumba joto. "Ukumbuke jambo hili siku zote," alisema. "Watu wengine huwasha gari ili lipate joto, wakakaa ndani hali bomba limezibwa na theluji. Moshi wa injini una hewa ya sumu, isiyo na rangi wala harufu. Ikikosa njia ya kutoka huingia ndani ya gari, na waliomo hulala wasiamke tena. Bomba kwanza, injini baadaye."

Ndipo wakaanza kazi. Hawakuinua walipoweza kusukuma. Walianzia katikati ya njia, wakaisukuma theluji pande zote mbili kwa beleshi pana, kama wavuvi wasukumavyo mtumbwi mchangani, wakitumia uzito wa mwili na nguvu za miguu. Ilipokuwa nene mno kusukumika, waliichukua kwa tabaka mbili: kwanza sentimita 10 za juu, kisha 10 za chini. Pale walipolazimika kuinua, walitanua miguu, wakakunja magoti, wakaushika mzigo karibu na kifua, wakainuka kwa nguvu za mapaja. Walipotaka kuutupa kando waligeuza miguu na mwili wote pamoja. Hawakuupinda mgongo na kurusha theluji nyuma ya bega, kwa maana hivyo ndivyo watu wavunjikavyo viuno.

Mtoto alitaka kuonyesha nguvu zake, akajaza beleshi mpaka likafurika. Baba akamzuia, akasema, "Tufanye hesabu. Mtu aliye na kilo 1,800, akiinua kilo 9 kila mara, atainua mara 200. Akiinua kilo 4 tu, atainua mara 450. Mwisho wa yote amehamisha theluji ile ile. Lakini yule wa kwanza huenda asifike mwisho." Basi wakaenda kwa mizigo midogo, na kila baada ya dakika 15 walisimama, wakavuta pumzi, wakanywa maji.

Mtaani palikuwa na watu waliotumia mashine ya kurushia theluji, yenye visu vizungukavyo na bomba la kuitupa mbali. Mashine hiyo husaidia sana theluji ikiwa kavu. Lakini theluji ya majimaji huziba bomba lake upesi. Hapo ndipo watu wajinga hutia mkono ili kuizibua, wakakatwa vidole. Hata injini ikiisha kuzimwa, huenda visu vikawa vimekazwa na theluji, na vikipata nafasi hugeuka ghafula mara moja. Mwenye busara huzima injini, akangoja, kisha akazibua kwa kijiti, asitumie mkono kamwe.

Walipokaribia barabara baba alifanya jambo ambalo mtoto hakulielewa. Wakiwa wamesimama kuelekea barabara, alifukua nafasi kubwa tupu kando ya barabara, upande wa kushoto wa mdomo wa njia. "Huku Marekani magari hupita upande wa kulia," alieleza, "kwa hiyo gari la mji lisukumalo theluji litatujia kutoka mkono wetu wa kushoto, likivuta mzigo wake wote pembeni. Likikuta shimo hili tupu, litamwaga humo sehemu kubwa ya mzigo kabla halijafika mdomoni mwa njia yetu." Na kweli, haukupita muda, gari likapita kwa kishindo. Theluji nyingi ikaingia katika nafasi ile, na mdomoni pao pakabaki tuta dogo tu.

Lakini jirani yao, mzee aliyepita miaka 60, hakuwa ameacha nafasi. Alikuwa amekwisha kuisafisha njia yake yote, naye amechoka. Na sasa gari lilikuwa limemwachia mdomoni tuta refu la theluji iliyoshindiliwa, iliyochanganyika na mabonge ya barafu. Tuta la namna hiyo ndilo sehemu ngumu kuliko zote. Mzee alikasirika. Alikuwa anachelewa kazini. Akalishambulia tuta kwa nguvu zake zote, akijaza beleshi hadi juu, bila kupumzika.

Ghafula mtoto akasema, "Baba, tazama!" Mzee alikuwa amesimama akiegemea mpini wa beleshi, mkono mmoja kifuani, uso wake umegeuka rangi, na jasho likimtiririka katika baridi ile.

Baba akamwendea mbio. "Bwana jirani, weka beleshi chini uketi."

Mzee akajibu kwa shida, "Kifua kimebana kidogo tu. Nimebakiza mabeleshi machache."

"Theluji itangoja," baba akasema. "Moyo haungoji." Akamketisha juu ya ngazi ya nyumba, akapiga simu nambari 911, ambayo watu wa Marekani huitumia kuomba msaada wa hatari. Kisha yeye na mwanawe wakalifungua tuta la jirani kwa mizigo midogo, wakiligawa tabaka kwa tabaka, wakatengeneza upenyo. Gari la wagonjwa lilipofika liliingia hadi mlangoni, na mzee akachukuliwa hospitali akiwa hai.

Kwa nini jambo hili lilimpata? Moyo ni kama pampu, isukumayo damu katika mishipa yote ya mwili. Baridi huikaza mishipa ikawa myembamba, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi ili damu ipite. Wakati uo huo mikono yainua mzigo mzito, nayo yadai damu nyingi. Tena mtu ainuapo kitu kizito huzuia pumzi bila kujua, na kwa kufanya hivyo huzidisha shinikizo la damu. Mambo hayo matatu yakikutana katika mwili wa mtu wa makamo au mzee, hasa yule ambaye kwa miezi mingi amekuwa akikaa kitini tu, moyo waweza kushindwa. Wataalamu wa Marekani walipochunguza miaka ya 1990 hadi 2006, walikadiria kwamba kila mwaka watu wapatao 11,500 walitibiwa hospitali kwa ajili ya maumivu na ajali za kuondoa theluji. Na katika miaka hiyo 17 watu zaidi ya 1,600 walikufa kwa moyo katika kazi hiyo. Kwa hiyo mtu aonapo kifua chabana, au maumivu yapanda mkononi, mgongoni au tayani, au pumzi yakatika, au jasho baridi lamtoka, asiseme "nimebakiza kidogo." Na aache kazi papo hapo, akatafute msaada.

Baba na mwanawe waliporudi kwao walimaliza kazi kabla jua halijashuka. Walizibua mfereji wa barabarani, ili maji yatakayoyeyuka yapate pa kwenda, wala yasitande njiani na kuganda usiku. Kisha wakanyunyiza chumvi kidogo mahali penye utelezi. Chumvi ikichanganyika na maji huyafanya yasigande kwa urahisi hata baridi ikishuka chini ya digrii 0. Lakini baridi ikiwa kali mno nguvu zake hupungua sana. Tena haifai kuimwaga kwa wingi, kwa maana huharibu mimea na saruji, na huweza kuingia katika maji ya visima. Mahali pengine walinyunyiza mchanga. Mchanga hauyeyushi barafu, bali huzuia miguu isiteleze.

Usiku baridi ilirudi kama baba alivyosema. Asubuhi ya pili, wale walioiachia jua kazi yao walionekana wakiivunja barafu kwa sururu, na mmoja wao alianguka akaumia kifundo cha mkono. Njia ya baba na mtoto ilikuwa kavu. Nao hawakukaa ndani. Walichukua mabeleshi yao wakaenda kusafisha mbele ya nyumba ya mzee, ili atakaporudi kutoka hospitali akute pa kupita.

Wanafunzi, huenda wengi wenu hamtashika beleshi la theluji maisha yenu yote. Walakini mizigo iko kila mahali. Yuko achukuaye debe la maji kutoka kisimani, yuko apakiaye magunia, yuko achimbaye mtaro baada ya mvua. Nguvu alizo nazo mtu si jambo la kujisifia, kama hajui kuzigawa. Pima uzito wa kazi kabla ya kuianza. Kunja magoti, usiupinde mgongo. Chukua kidogo kidogo. Pumzika kabla hujachoka. Na umwonapo mwenzako amezidiwa, liache tuta lako ukamsaidie yeye kwanza. Haba na haba hujaza kibaba. Na haba na haba vile vile huondoa magunia 20 ya theluji mlangoni pa mtu, naye akabaki mzima.

Maswali

1. Kwa nini theluji ya mwezi wa Machi ni nzito kuliko ile ya mwezi wa Januari?
2. Njia ina urefu wa mita 10 na upana wa mita 3. Theluji ya majimaji imelala juu yake kwa kina cha sentimita 20. Uzito wake ni kilo ngapi?
3. Eleza sababu ya kufukua bomba la moshi la gari kabla ya kuwasha injini.
4. Kwa nini baba aliacha nafasi tupu upande wa kushoto wa mdomo wa njia?
5. Taja mambo matatu yanayoulemea moyo wa mtu aondoaye theluji.